Aliyemchekesha Mtoto wa Shandiin

Ernestine Tohonnie ni mama mdogo wa nusu ya vijana wa bonde letu, kwa damu au kwa ukoo. Kazi yake, ambayo mimi humsaidia, ni kuwatembelea wazazi vijana kabla uchovu haujageuka kuwa kofi. Mshahara wake na mafuta ya gari hutoka kwenye ruzuku ya serikali ya kuzuia watoto wasiteswe, inayotolewa kwa wenyeji wa asili wa Marekani kama sisi Wanavajo na kwa vibarua wanaohamahama mashambani. Ruzuku hiyo hulipia video, vikaragosi na vipeperushi. Chakula hailipii.

Sharti hilo lilimkera kuliko yote. Kwetu, mtoto akicheka kwa mara ya kwanza, aliyemchekesha huandaa karamu. Ukoo wote huja, mtoto hushikwa mkono, naye humgawia kila mgeni punje ya chumvi ya mawe ili akue mkarimu. Ukishaipokea chumvi ile, ni vigumu kupita mlangoni pao, mtoto analia, ukajifanya hukusikia.

Majira yale Ernestine aliitaka karamu hiyo kwa ajili ya Shandiin, mama kijana tuliyekuwa tukimtembelea. Mume wa Shandiin alikuwa akitengeneza reli huko Nebraska, na mama mkwe wake, Lavern, hakuwa akisema na Shandiin tangu walipogombania kondoo mmoja. Asubuhi moja Shandiin alisema, macho yakiwa sakafuni, "Mama mdogo, jana nilimweka mtoto chini, nikatembea hadi nisimsikie. Naiogopa mikono yangu."

Ernestine akapanga: Jumapili mtoto apelekwe kwa Lavern, ambaye uso wake ukikunjamana hata mbwa hucheka. Lavern akimchekesha, karamu ni yake, na ugomvi utalazimika kuisha. Mpaka siku hiyo tulikatazwa kumchekesha mtoto.

"Wewe msomi," aliniambia, "hata kumkonyeza, marufuku."

Alhamisi akaja Bwana Pruett kutoka ofisi ya ruzuku, kukagua kama pesa ziendelee kuja. Hakuwa mtu mbaya. Tulimpeleka kwa Shandiin aone kazi inavyofanyika. Ernestine alikuwa bado anavua viatu mlangoni wakati mgeni alipochomoa kikaragosi cha sungura mfukoni, akakipigisha chafya.

Mtoto akacheka. Kicheko kirefu, cha tumboni.

Shandiin akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hongera, bwana," Ernestine alisema kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika. "Una kondoo?"

Tulimweleza desturi. Akasikitika kweli. Lakini sheria ilimkataza kuwapa chochote watu anaowakagua, na ruzuku isingeweza kununua hata unga.

"Isitoshe, aliyemchekesha ni sungura," akatania.

"Na sungura ni wa serikali. Basi serikali ichinje," Ernestine akajibu.

Bwana Pruett alicheka peke yake, kisha akaaga.

Garini Ernestine aliupiga usukani kwa kiganja. "Wanatuambia tuzuie! Tunazuia, wanatuambia si hivyo!" Karamu haikawizwi, na mwenye karamu alikuwa njiani kurudi mjini. Tukaenda kwa Lavern kumweleza yaliyotokea.

"Karamu ya mzungu?" Lavern aliuliza, akiendelea kukanda unga. "Nije nile nini, vipeperushi?"

"Mwenyewe hatakuwepo. Hakutakuwa na karamu."

Mikono ya Lavern ikasimama. "Ina maana mjukuu wangu akue bahili kwa sababu serikali ni bahili?"

"Ndivyo sheria ilivyo, dada."

"Sheria ya nani? Sungura?" Akajifuta unga. "Yule kondoo tuliyegombania. Mpakieni kwenye gari lenu hilo la video."

Tulimpakia. Jumamosi watu walijaa kwa Shandiin, wengine wakiuliza kwa sauti mwenyeji mwenye masikio marefu yuko wapi. Lavern ndiye aliyeushika mkono wa mtoto. Foleni ilipomfikia Shandiin, bibi yule alimtilia chumvi kiganjani, akamtazama usoni.

"Mbona macho yamekuzama hivyo? Usiku wa leo analala kwangu. Wewe nenda ukalale, mwanangu."

Shandiin aliiweka chumvi ulimini, akalia.

Mwezi uliofuata barua ya ofisi ilitutaka tueleze kwa nini gari la mradi lilibeba mifugo, na posho ya mafuta ikapunguzwa. Kuhusu Shandiin, Bwana Pruett aliandika kwamba mtoto aliitikia vizuri sana somo la kikaragosi. Pamoja na barua yalikuja maboksi ya vikaragosi vya sungura.

Ernestine alilipiga teke boksi la kwanza, akalisukumia kona kwa mguu. Kisha akachukua ufunguo wa gari. Msichana wa nyumba ya pili kutoka kwa Shandiin alikuwa na mtoto aliyeanza kutabasamu.

"Twende," aliniambia, "kabla hawajatuma mtu mwingine wa kumchekesha."