Mikono Yenye Wino wa Pweza

Vijana wa siku hizi wakija kuniuliza sisi tulianzaje harakati, wanategemea niwatajie semina na posho. Semina hatukuwa nayo. Tulikuwa na shoga yangu, binti wa mwenyekiti wa kijiji, na alitosha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, mitumba imejaa magulioni, na neno jipya, mwekezaji, limefika hadi kijijini kwetu, kusini ya mji wa Masoko. Huyu wa kwetu aliutaka ufukwe mzima ajenge hoteli. Aliahidi kisima na ajira, na baba yake shoga yangu alimwamini. Simlaumu, kisima tulikihitaji kweli. Ila uzio ungekata njia ya kushukia mwambani, na mwambani ndiko mama zetu walikowinda pweza. Bila njia ile, nyumba nyingi zisingekuwa na kitoweo.

Vijana tulijiita kamati, ingawa hata benchi hatukuwa nalo. Tulikaa nyuma ya goli la uwanja wa shule tukibishana. Wavulana walikuwa hodari wa maneno mpaka mkutano wa kijiji ulipotangazwa. Hapo kila mmoja akakumbuka ana shamba la kupalilia. Shoga yangu ndiye aliyegutuka.

"Wameuweka saa nne asubuhi, siku ya bamvua," aliniambia. "Mama zetu wote watakuwa majini. Nani atabaki wa kukataa?"

Kwa asiyeijua pwani: siku za bamvua bahari hujitoa mbali sana, mwamba ukabaki wazi, na mwanamke mwenye akili zake haendi kukaa mkutanoni. Sijui kama baba yake alikusudia. Mpaka leo sijui, na shoga yangu hakutaka kumuuliza.

Asubuhi ile tulishuka mwambani, tukawaendea mama zetu mmoja mmoja, maji yakitufika magotini. Walitutukana vizuri tu. "Bamvua yenyewe ndiyo hii, nyie watoto mna wazimu?" bibi mmoja alifoka, fimbo yake imo shimoni na pweza ameing'ang'ania. Shoga yangu akachutama, akamsaidia kumvuta yule pweza, akamwambia taratibu, "Bibi, ukiukosa mkutano leo, bamvua ijayo utapitia wapi?" Bibi akamtia pweza kapuni. Kisha akajitwika kapu lake, na wengine wakamfuata.

Tuliingia uwanja wa shule kanga zikichuruzika maji. Wanaume walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono kukubali, mwenyekiti anataka kufunga kikao. Shoga yangu akasimama mbele.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Mwenyekiti, naomba mikono ihesabiwe upya. Wanakijiji wengine ndio wanafika."

Mwenyekiti. Hakusema baba.

Lakini mzee alihesabu, Mola amrehemu. Alipita kwenye mikono ya wanawake, mingine ina wino wa pweza hadi viwikoni, na alipoufikia mkono wa binti yake akasita. Halafu akauhesabu nao. Tulishinda, na mwekezaji akaenda kutafuta ufukwe kwingine.

Nyumbani mzee hakumpiga wala hakumfokea. Aliacha tu kumwagiza maji ya kunawa. Tangu utotoni, shoga yangu ndiye aliyemshikia baba yake birika kabla ya kula. Sasa mzee akawa anajimiminia mwenyewe, mkono mmoja kisha wa pili, maji yakimwagika sakafuni. "Bora angenichapa," aliniambia, akalia, nami nikalia. Haukupita muda akapelekwa kwa mjomba wake Newala, huko juu kwa Wamakonde, ambako hata maji ya kunywa ni ya kutafuta. Akaolewa hukohuko. Baba yake alipofariki, habari ilimfikia kaburi limekwisha kufukiwa, na hakuja.

Namkumbuka mpaka najionea haya, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Kwa miaka nilikuwa namtumia pweza mkavu kupitia watu wa basi. Mwaka juzi abiria mmoja aliniletea jibu lake: "Mwambie asinitumie tena, ananitia hamu bure. Nitakuja mwenyewe, anipitishe njia yetu."

Sijatuma tena. Ila bamvua ikifika nashuka na fimbo mbili, na wenzangu wananicheka, wananiuliza ya pili ni ya nani. Nawajibu kuwa ni ya mwenye njia. Wale wadogo hawamjui. Wanapita mbio kuyawahi maji, nami nabaki nyuma kidogo, natazama upande wa barabara ya basi.