Mbuzi ya Nantimba Iliyomrudisha Mwali Kwao

Enzi zetu Temeke, mashoga zangu mliokuwepo mtanisuta kama naongopa, mwali alirudi kwao fungate halijaisha, kisa mbuzi ya kukunia nazi. Mwali mwenyewe shangazi yangu Mwajuma. Mpaka leo nikikumbuka nashika mdomo.

Uani kwa bibi yangu alipanga Mmakonde mmoja, Nantimba, mchonga vinyago. Mbuzi zetu za zamani mnazijua: kikalio kinabana paja, miguu inayumba, meno yameelekea juu, nazi inarukia mchangani. Ukimaliza vidole vinavuja damu, kiuno hakinyooki. Na hakuna aliyelalamika! Tulijua nazi ndivyo zilivyo. Siku moja Nantimba akamwona bibi anavyohangaika, akashika kiuno: "Mama, nkao gani huo? Unakuna nazi au unapigana nayo?" Akamwaga maji mchangani, akamwambia akae palepale. Bibi anang'aka, "We mwanaume huna haya!" Lakini akakaa. Nantimba akaisoma ile alama ya makalio, akachonga mbuzi kwa kuifuata.

Wallahi tulishtuka. Unakaa unapokelewa. Meno yameinamia bakuli, nazi inadondoka yenyewe, laini. Sie watoto tuliokuwaga tukijificha chooni tukisikia nazi, tukaanza kugombania zamu. Majirani wakija kuazima, bibi anabinua mdomo: "Hii haiazimwi, imekatwa kwa mwili wangu." Na haikupatikana nyingine. Vilipokuja vijiji vya ujamaa, Nantimba aliitwa kwao kusini, akafunga patasi zake akaenda.

Shangazi naye akaolewa Mwananyamala, na kijana wa bandarini, mpole, anampenda hasa. Tumekesha ngoma, tumekula pilau, tumempeleka. Wiki haijakatika, asubuhi tunafagia, shangazi huyo mlangoni, hina bado mbichi! Bibi akaangusha ufagio. Babu akatoka na msuli wake, sauti kama ngoma ya msondo:

"Kakupiga?"

"Hapana, baba."

"Kakunyima chakula?"

"Hapana, baba."

"Basi nini, Mwajuma? Unatuua!"

Shangazi akapiga magoti. "Mbuzi ya kwao inatikisika, baba. Inanibana. Nikikuna, nusu inaishia mchangani, mama mkwe anasema sikufunzwa. Sirudi."

Babu akakaa chini palepale. Mwali anaacha ndoa kwa ajili ya kikalio! Bibi akamjia juu: "Mie nimekalia mbuzi kama hiyo maisha yangu yote, na nyie nikawalisha!"

"Ungerudi kuikalia leo, mama?"

Bibi akaokota ufagio wake, akarudi kufagia.

Mchana akaingia mama mkwe, Bi Zuhura, sauti inatokea puani: "Hebu nioneshwe hicho kiti cha enzi kinachonivunjia nyumba!" Akawekewa mbuzi na nazi. Akakaa na hasira zake, akakuna. Uso ukaanza kulegea. Akaomba nazi nyingine. Akaomba tena. Sie watoto tunachungulia, tunafinyana. Akainua kichwa, macho yamemtoka: "Yarabi! Kumbe mie nimeteseka bure tangu niolewe?" Na chozi likamtoka, mtu mzima yule.

Alipopoa akamwambia bibi, "Mkwe wangu, Mwajuma namchukua leo hii. Lakini na mbuzi tunaondoka nayo."

"Mwali mchukue," bibi akaruka. "Mbuzi niachie!"

Shangazi akamtazama mama yake, haamini. Bibi naye akaviona vidole vya mwanawe, vimechubuka vyote. Akaikunja ile mbuzi mwenyewe, akaifunga kwenye khanga yake mpya, akamtwika. Kisha akaingia ndani, hata kuaga hakuaga.

Shangazi alizalia kwenye ndoa ile, akazeekea humohumo. Tabu ilibaki kwetu. Tukaitoa mbuzi ya zamani, ileile tuliyoikalia miaka bila neno, hakuna aliyeiweza. Kila mtu anakaa anaruka kama kakalia siafu. Babu anaonja wali, "Tui limefanyaje leo?" Tunatazamana.

Siku hizi wajukuu zangu wananiletea tui la pakti, wanabofya simu. Simu ikizubaa kidogo tu, wanaguna: "Aaah bibi, kimeo hiki, nataka mpya!" Nawaiga hivyohivyo na mdomo wao, wananuna. Lakini nawaelewa. Ukishakalishwa vizuri, kushuka ni kazi. Ila wao kila wakigeuka wanaletewa kizuri kuliko cha jana. Hawajui kukizoea kitu kimoja tu, hakina mwenzie duniani, halafu ukakifunga kwa mikono yako mwenyewe ukakitoa, ili mtoto wako akae kwa mumewe.