Sauti Iliyopunguzwa

Mke wangu hapendi kelele, na Mungu kwa utani wake akampa mume kinyozi. Nikiwasha redio, anapita nyuma yangu na kupunguza sauti bila hata kuniangalia, kama mtu anayefuta vumbi. Tumegombana zaidi kwa ajili ya kile kitufe kuliko tulivyowahi kugombana kwa ajili ya mama yangu, na hapo wenye ndoa wamenielewa. Hospitali wanamwita Sista Kimya. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na daktari bingwa wake ni mtu ambaye mkasi ukidondoka tu anafoka, kwa hiyo wale wawili wakawa chanda na pete. Nawachekesha wateja kila siku kwa vituko vya mke wangu. Hiki sijawahi kukisimulia kwenye kibanda changu cha kunyolea.

Kulikuwa na Mama Magauni, mshonaji wa hospitali hiyohiyo. Kila gauni la kijani na kila shuka la kumfunikia mgonjwa lilipita kwenye cherehani yake, katika chumba kidogo nyuma ya dobi. Akimaliza gauni, hulitandaza mezani akapitisha kiganja pindo hadi pindo, akitafuta pini iliyosahaulika. Akiipata imeshonewa ndani, anafumua, hata kama watu wanasubiri mlangoni. Kila mchana mke wangu alikwenda kunywa naye chai. Wanakaa wawili, hawasemi neno, wameridhika. Mimi ningekufa.

Mama Magauni alishawahi kukatwa saratani ya utumbo mpana, akapona, tukashukuru. Kisha kipimo cha damu kikaanza kupanda. Damu ilisema imerudi, picha zikasema haionekani. Daktari bingwa akamweleza kuna njia. Angechomwa sindano ya kingamwili, wale askari wa mwili, waliotengenezwa maabara kuitambua saratani ile na kuing'ang'ania, huku wamebeba mionzi kidogo. Angesubiri wiki kadhaa mionzi iliyozagaa itoke kwenye damu, ibaki ile iliyoshika saratani. Halafu angepasuliwa, na daktari apitishe kijiti chenye waya, cha kunusa mionzi, ndani ya tumbo. Penye saratani, hata jicho lisipoiona wala kidole kisipoihisi, mashine inalia. Panakatwa mpaka pawe kimya. Ila alimwonya kwamba sindano ile kwa kawaida ni ya mara moja. Mwili hukariri sura ya wale askari wa kigeni, na wakija tena huwafukuza kabla hawajafika.

Siku ya upasuaji, mke wangu ndiye aliyekaa na mashine. Ililia karibu na mshono wa zamani, mahali ambapo daktari alikiri haoni kitu. Wakakata. Hapo damu ikaanza kutoka kwa nguvu, daktari akafoka, mashine nayo inapiga kelele, na mke wangu akapunguza sauti. Mkono ulikwenda wenyewe, kama nyumbani. Damu ilipozuiliwa, wakapitisha kijiti mzunguko wa mwisho, tumbo zima. Kimya. Daktari akasema pako safi, wakaanza kufunga.

Mke wangu aligundua wakati ngozi inashonwa. Alikuwa anapanga vitu, kijiti kikagusa bakuli lenye ile nyama iliyokatwa. Ilipaswa kulia, haikulia. Akatazama kitufe, kiko chini kabisa. Daktari wa usingizi alikuwa anawahimiza wamalize kwa sababu presha ya mgonjwa ilikuwa inayumba. Mke wangu akajiambia labda hakuna kilichobaki. Akanyamaza.

Mimi nyumbani niliona tu mtu hali chakula. Nikiuliza, ni uchovu. Mama Magauni akapona, akarudi kwenye cherehani, akamshonea mke wangu gauni lenye mfuko wa ndani kumshukuru. Mke wangu hakulivaa, na chai akaacha kwenda kunywa. Mimi na akili zangu nikadhani wamegombania umbea. Umbea, watu wale!

Kipimo kikapanda tena. Wakafikiria sindano ya pili, lakini damu ilionyesha mwili umeshawajua wale askari. Mpaka saratani ilipoonekana kwenye picha, ilikuwa imesambaa, na daktari akasema kisu hakina kazi tena.

Ndipo mke wangu akasema. Alianza kwa daktari bingwa, naye akakaa akiitazama mikono yake, akasema hata yeye hakuuliza kama sauti iko juu. Halafu akaniambia mimi, na palepale akaomba, "Baba watoto, nisindikize."

Tulimkuta Mama Magauni anashona, amekonda. Mke wangu akamwambia yote akiwa amesimama. Cherehani ikasimama.

"Ulijua lini?"

"Ukiwa bado mezani. Walikuwa wanashona ngozi."

Mama Magauni alipapasa kitambaa kilichokuwa mbele yake, pindo hadi pindo.

"Kusahau ningekusamehe leo hii, dada yangu," akasema. "Nani hajasahau pini? Lakini mimi nafumua gauni zima kwa ajili ya pini moja. Wewe mshono haujakauka, ukashindwa kusema nifumuliwe?"

"Niliogopa."

"Najua. Na mimi sasa naogopa."

Akarudi kwenye kushona kwake, tukatoka.

Hakumfukuza. Alipolala kitandani moja kwa moja, mke wangu ndiye aliyemgeuza na kumwosha mpaka siku ya mwisho. Kusamehewa sikusikia kukitajwa, na sikuthubutu kuuliza. Wakubwa wa hospitali walimsimamisha mke wangu kazi, kisha wakamrudisha. Sasa mle chumba cha upasuaji, kabla ya mzunguko wa mwisho, kijiti kinawekwa kwanza kwenye nyama iliyokatwa, na hakiondolewi mpaka kila mtu amesikia mashine ikilia. Yeye ndiye aliyelidai hilo, na daktari bingwa hafoki. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu huyo amehamia, anakula na kulala.

Redio yangu mke wangu haigusi tena. Juzi nilipunguza sauti mwenyewe, nikidhani namfurahisha. Akatoka jikoni mikono ina povu, akaipandisha mpaka jirani akagonga ukuta, akabaki amesimama pale analia, mkono bado uko kwenye kitufe. Jirani akagonga tena. Nilimwacha agonge.