Salamu Nilizomsomea Otmari

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Gereza alinikabidhi muhuri na mfuko wa barua. "Kijana, hapa haitoki wala haiingii barua usiyoisoma. Mfungwa asiyejua kusoma utamsomea wewe. Na usijifanye padri." Nilikuwa mgeni Songea, sina ndugu wala wa kupiga naye soga, na nakiri barua za watu ndizo zilizokuwa jamaa zangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa nchini. Mjini mitumba na magazeti mapya vilizagaa. Sisi habari zilitufikia kwenye karatasi za kufungia vitumbua.

Otmari, mfungwa wa maisha kutoka Madaba, hakujua hata a. Mama yake alimwandikia kwa mkono wa katekista. Siku moja katekista akaandika kwamba mama amefariki na wameshamzika. Otmari alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasoma: "Mama anakusalimu, mahindi yamekubali." Nikaigonga barua ile muhuri, nikaiweka kwenye jalada lake. Miaka minne nikaendelea kumtungia salamu, nikishika karatasi yoyote mkononi. Nilikuwa mwoga, basi.

"Afande, nataka nimsome mama mwenyewe," aliniambia, akaingia darasa la watu wazima. Alimaliza vitabu vya darasa, akahamia kwenye magazeti ya vitumbua, Biblia, hata kanuni za magereza, akawa anawauliza maofisa maswali ya kukuna kichwa. Kisha akaomba jalada lake. Mkuu akaruhusu.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kidole kikakomea kwenye barua ya msiba.

"Salamu zile nyingine ulizitoa wapi, afande?"

"Kwenye barua za mama yangu."

"Wako yupo. Mimi umeninyima hata kumlilia wangu."

Hakunishtaki. Ila tangu hapo nilipata "ndiyo, afande" tu, na iliniuma kuliko adhabu yoyote.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Lizaboni, hapa hapa Songea, peke yangu. Vijana wakiniuliza kuhusu kazi ile, huwaeleza siku yangu ya mwisho. Nilipita darasani kuaga, nikamkuta Otmari, sasa mwalimu wa wenzake, akimsomea mfungwa mmoja barua niliyoikagua asubuhi. Mtoto wa mfungwa yule alikuwa amefariki. Otmari alisoma neno kwa neno, hakuruka kitu. Alipomaliza akaikunja, akamshika yule mtu mkono, wakakaa hivyo hivyo mpaka kilio kikaisha. Nikaondoka bila kuaga.