Golikipa Aliyekwenda Kumwamkia Babu

Sisi tuliokulia Ibra, mji wa bara mbali na Maskati, kabla kila mtoto hajawa na simu yake tulijifunza mchezo wa barafuni juu ya saruji. Ami Nassor, mdogo wake baba, alikuwa amecheza magongo ya barafuni kwa mshahara huko nchi za baridi, mpaka goti likamshinda. Aliporudi akawa kocha wetu. Alitufunza kwa viatu vya magurudumu, uani, pale Bibi alipoanika tende. Tukianguka, tende zilitugandia magotini, na nzi wakatufuata hadi msikitini.

Babu hakuja kututazama hata siku moja. "Mtu mzima na akili zake anateleza," alikuwa akisema, "halafu anaita kazi." Ami alicheka tu, lakini kila mechi alimwekea baba yake kiti.

Ijumaa moja tulikwenda Maskati kucheza kwenye barafu yenyewe, iliyogandishwa ndani ya ukumbi. Mama alinivalisha fulana tatu. "Kifua kikikubana usije kunililia." Nilikuwa golikipa, na tangu tunapita Samail nilijiuliza kama barafu inaweza kupasuka.

Dakika za mwisho, tukiwa sare, Babu akaingia na bakora yake. Kwetu mkubwa akiingia, mdogo hangoji kuambiwa; anainuka, anambusu mkono. Nikatoka golini, nikateleza mpaka ukingoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, baba. Lakini wenzio hawajakungoja."

Nikageuka. Kisahani cha kuchezea, kinachopigwa badala ya mpira, kilikuwa kimeshaingia wavuni.

Tulifungwa. Nikalia, nikiamini nimemharibia Ami siku aliyoingojea miaka yote. Babu akakaa kwenye kile kiti. "Mchezo wako sijaufahamu, Nassor," akamwambia. "Lakini watoto umewafunza." Ami, aliyewahi kung'olewa meno mawili mchezoni bila kulia, akainama haraka kutafuta kisahani ambacho nilikuwa nacho mimi mkononi.

Babu hayupo tena. Nimemaliza chuo, nangoja kuitwa kazini, na siku za Ijumaa namsaidia Ami kufunza makipa kule Maskati. Watoto wa sasa wana glavu nzuri kuliko viatu vyetu vya Idi. Mzee akiingia wanainua gongo kidogo, macho hayatoki mchezoni. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi mwenyewe ndiye ninayewaambia wasitoke golini, hata aje nani, kisha nalifikiria neno hilo njia nzima mpaka Ibra.

Kile kiti Ami bado anakiweka. Makipa wangu hawakitazami. Nakitazama mimi.