Punje Nilizozifuta kwenye Picha

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwapa kindi mahindi. La pili, lililokuwa baya zaidi, lilikuwa kuyasogeza mahindi hayo kila wiki hatua chache kuelekea kwenye mwanga.

Nilianza kupiga picha nikiwa na miaka ishirini na miwili, bila mwalimu. Kamera niliinunua Goma kwa mtu aliyekuwa akihama, na kioo chake cha nyuma kina mkwaruzo ambao mpaka leo unanisumbua. Mengine nilijifunza kwa video nilizopakua kwenye simu kila niliposhuka Masisi, ambako mtandao hushika vizuri. Watu wa kwenye video walikuwa wa nchi za baridi. Waliketi msituni na makoti mazito, wakapiga picha za kindi wekundu na mbweha wenye mikia minene. Kwetu, kwenye vilima vya juu ya Lushebere, mbweha sijawahi kumwona. Tuna kanu, mnyama mwembamba mwenye madoa anayekuja kuiba kuku, naye nimempiga picha mara moja tu, akiwa amenipa mgongo. Lakini kindi tunao wengi, kwa hiyo niliamua kuwa mpiga picha wa kindi.

Watu wa video walikuwa na mbinu moja: weka chakula juu ya kisiki, kaa kimya, rudi kila siku saa ile ile. Hakuna aliyesema kisiki kiwe mbali na shamba la mtu. Nadhani kwao msitu hauishii kwenye mahindi. Kwetu unaishia hapo.

Naishi kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, pamoja na mume wake. Shamba lao linapanda kilima mpaka kwenye kipande cha msitu kilichobaki huko juu, miti michache mikubwa na mianzi mingi. Wanalima maharage, mihogo na mahindi. Baada ya kila mavuno shangazi huchagua mahindi mazuri kuliko yote, huyafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika kwenye mti uliolazwa juu ya jiko, moshi uyapate mchana na usiku. Hayo ni ya mbegu. Wadudu hawayatoboi. Hata kama nyumbani hakuna unga, mtu hashushi hindi la mbegu kulila. Hilo halikuwa likisemwa nyumbani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa.

Mimi niliyashusha. Nilijaribu kwanza mahindi ya kununua, lakini punje zake zilikuwa nyeupe zimepauka, na kwenye picha zilionekana kama meno yaliyong'olewa. Punje za mbegu ya shangazi zilikuwa za njano na nyekundu zikichanganyika, ngumu, zinang'aa. Nilijiambia nachukua chache tu. Nilichagua upande unaotazama ukuta, nikabandua mstari mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini, kwa sababu kubandua ovyo ovyo kungenikera.

Ilikuwa kiangazi. Kindi walikuja baada ya siku nne. Mmoja, jike, alikuwa na sikio la kushoto lililokatika, na ndiye aliyenizoea. Mwanzoni alichukua punje na kukimbia. Baadaye alikula palepale, akizungusha punje mikononi kama mtu anayekagua kitufe. Nilipiga picha mamia. Jioni nilizikuza kwenye kioo kidogo na kufuta zote ambazo ndevu zake hazikuonekana moja moja. Siku nyingine nilibaki na picha sifuri. Nilikuwa nikilala na wasiwasi kama mtu aliyeanguka mtihani, na mtihani wenyewe niliuweka mimi.

Tatizo lilikuwa mwanga. Chini ya miti kulikuwa na giza, picha zikatoka na chembechembe. Basi nikahamisha chakula kutoka kwenye kisiki mpaka kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe mpaka mwisho wa kivuli, na hatimaye nikakiweka ndani ya shamba lenyewe, kwenye udongo uliokuwa umeshalimwa, ambapo jua la asubuhi linafika mapema. Huko nilipata picha niliyoitaka. Sikio lililokatika lilionekana, ndevu zote zilionekana, na ndani ya jicho lake kulikuwa na kilima kizima. Mbele ya miguu yake kulikuwa na punje tisa. Nilitumia programu ya simu inayofuta vitu kwenye picha, nikazifuta moja baada ya nyingine, nikaweka udongo mahali pake. Picha safi niliwaonyesha watu wote nyumbani na kanisani. Nilisema nilimvizia tu.

Mvua ziliporudi, shangazi alishusha mahindi ya mbegu. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Aligeuza hindi la kwanza, akageuza la pili.

"Panya," alisema. Kisha akapitisha kidole kwenye mstari mtupu. "Lakini panya gani anakula kwa mustari? Anaanza juu, anashuka mpaka chini, kama muntu anasoma kitabu?"

"Panya ya siku hizi ilisoma," mume wake alisema, akiwa anafunga kamba za buti. "Iko na diplome."

Walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Kisha nikasema kitu ambacho nikikikumbuka nasikia joto usoni: nilisema tutafute paka.

Tulipanda siku mbili. Mume wa shangazi alichimba mashimo, shangazi akadondosha punje mbilimbili, mimi nikafunika kwa mguu. Pale juu, karibu na msitu, nilimwona yule wa sikio lililokatika kwenye tawi, anatutazama mikono. Nilijua anachongoja. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mtu akiinama kwenye udongo huu, anaacha chakula. Nilifunika shimo lililofuata na kuwaza kwamba mwanga ulikuwa mzuri.

Siku ya tatu sehemu ya juu ya shamba ilikuwa imefukuliwa. Ilifukuliwa kwa utaratibu, shimo baada ya shimo, na maganda membamba ya punje yalibaki pembeni. Mume wa shangazi alitembea kwenye mistari akiwa ameshika mgongo.

"Kila mwaka banakulaka mustari ya mwisho, kule pembeni," alisema. "Ile ni fungu yao. Mwaka huu baliingia mpaka katikati. Habaogope muntu tena."

Shangazi aliokota ganda moja la punje. Alirudi nyumbani na kuhesabu mahindi yaliyobaki juu ya jiko. Yalitosha kupanda tena mara moja. Yakifukuliwa na hayo, nyumba isingekuwa na mahindi msimu ule, na mbegu ile, ambayo alikuwa ameibeba ndani ya kitambaa hata tulipokimbia vita na kulala kambini, ingekwisha kabisa. Kwa jirani angepata mbegu nyingine. Ile asingeipata.

Mume wake alichoma kipande cha tairi, akatoa nyuzi za chuma zilizomo ndani, akatengeneza mitego na kuizungusha kando ya msitu. Asubuhi iliyofuata alirudi na kindi wawili. Kabla ya kumsalimu niliangalia masikio yao. Yalikuwa mazima. Nilipumua, kisha nikaona kwamba nimefurahi juu ya wanyama wawili waliokufa kwa sababu yangu. Shangazi aliwapika na nyanya. Nilikula. Sikutaka mtu aniulize kwa nini sili.

Siku hiyo hiyo, mchana, shangazi alianza kushusha mahindi ya mwisho. Nilisimama karibu na jiko na kamera mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, nikayapanga upya mara nyingi, na yote yakanipotea.

"Tantine," nilimwita shangazi, "haiko panya."

Nilitafuta picha ya asili, ile yenye punje tisa, ambayo sikuwahi kuifuta ingawa sikumwonyesha mtu. Nikampa. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaisogeza kamera mpaka karibu na uso kwa sababu haoni vizuri vitu vidogo. Alitazama muda mrefu.

"Iko muzuri," alisema.

Aliweka kidole kwenye punje.

"Na hii mahindi iko ya kwangu."

"Ndiyo, tantine."

"Na hapa njo katikati ya shamba yangu."

"Ndiyo."

"Juu ya nini haukuomba?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," alisema. "Njo maana bantu banaombaka."

Mume wake alikuwa amesikia yote kutoka nje. Aliingia, akaitazama picha na yeye. "Kumbe diplome iko ya huyu," alisema, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Nilimwomba aondoe mitego. Nilisema nitalinda shamba mimi mwenyewe. Alifikiri kidogo, akasema atatoa mitego asubuhi ileile tutakapomaliza kupanda, na kwamba mahindi yakifikisha majani matatu kindi hawana tena cha kufukua. "Mupaka majani tatu uko kule juu mbele jua itoke," alisema. "Ukilala siku moja, siku ile ile ninarudisha mitego. Wewe njo ulibafundisha. Bafundishe tena."

Shangazi alikuwa na sharti lake. Aliomba kamera, akaiviringisha ndani ya mfuko wa plastiki, akaifunga kwa mkanda wake kwenye mti ule ule juu ya jiko, mahali yalipokuwa mahindi. Nilimwambia moshi utaharibu lenzi.

"Pale panya haifikake," alisema.

Tulipanda, mitego ikatolewa. Kuanzia kesho yake nilikuwa shambani kabla jua halijapanda juu ya kilima, na kopo lenye mawe ndani na kifuniko cha sufuria. Siku ya kwanza yule wa sikio lililokatika alikuja moja kwa moja kwangu. Alisimama mbele yangu, karibu kuliko wakati wowote, akainua mikono. Jua lilikuwa nyuma yangu. Sikuwahi kupata picha kama ile na sikuwa na kamera. Nilitikisa kopo. Alirudi hatua moja, akangoja. Nilichukua donge la udongo, nikatupa, likapasuka kando yake. Hakuelewa. Nilitupa lingine. Wengine walikimbia baada ya siku moja au mbili, lakini yeye ilichukua siku sita, na kila siku nilimtupia udongo mnyama aliyeniamini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpiga picha. Siku ya sita aliniona kutoka juu ya tawi, akapiga kelele ya hatari, akapotea ndani ya mianzi. Nilikaa chini, nikalia kidogo, kisha nikasimama kwa sababu kunguru walikuwa wameshuka upande wa pili.

Sikulala siku hata moja. Ndani ya nyumba hawakunisifu. Mume wa shangazi alipanda juu mara mbili kukagua, akanikuta nimesimama, akashuka. Mahindi yaliota. Kuna mashimo machache yaliyobaki wazi, pale pembeni, mstari wa mwisho. Mahindi yalipofikisha majani matatu shangazi aliyatazama, akarudi nyumbani, akafungua mkanda na kunirudishia kamera. Inanuka moshi mpaka leo. Lenzi haikupata kitu.

Mwaka uliofuata nilishuka upande wa Walikale, kwa ndugu wa mama, ambako msitu ni mkubwa na mashamba ni madogo. Nilikaa siku tatu chini ya mti ambao matunda yake yalikuwa yakianguka yenyewe. Nilipata picha mbili za kindi, na zote zina ukungu. Zamani ningezifuta kabla ya kusimama. Nilizibeba nyumbani, na shangazi akauliza ni nyani au ni nini.

Picha yenye punje tisa niliichapisha Goma, kama ilivyo. Imebandikwa ukutani karibu na jiko, na moshi umeanza kuifanya ya kahawia. Kando yake msimu huu kuna mahindi ya mbegu mengi kuliko mwaka ule, mazima pande zote mbili. Nimeyahesabu.

Yule wa sikio lililokatika nilimwona mara nyingine mbili, mbali, juu. Alinitambua na akakimbia.

Sasa siwapi wanyama chakula, na sifuti kitu kwenye picha. Kabla ya kuingia kwenye msitu unaopakana na shamba la mtu, naenda kwanza kwa mwenye shamba kuomba, na wengine wanakataa. Wakati wa kupanda naacha kamera nyumbani na kwenda na kopo.