Mama Zéphyrin Alivyolishinda Tope

Saa moja asubuhi mvua ya Agosti ndiyo kwanza imekatika mjini Arua. Viatu vya mwandishi huyu vimenasa mara mbili kwenye tope la njiani kabla ya kufika nyuma ya nyumba ya Léontine, mama wa watoto wanne, ambaye mtaani wanamwita Mama Zéphyrin kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Yuko peku ndani ya ua wa kuku wake, anamwaga mtama. Anainua mguu na kuonyesha unyayo. Mkavu!

"Ingia, usiogope," anasema. "Hapa tope hakuna."

Mwaka jana, 1975, asingethubutu kumkaribisha mtu. Kuku walisimama kwenye tope mpaka miguu ikavimba, wakaharisha damu, wakafa. Kutoka kuku arobaini na watatu walibaki kumi na saba. Kwa mjane aliyevuka mpaka kutoka Kongo akiwa na kikapu na watoto, hilo si jambo dogo. Siku hizi sabuni na chumvi ni adimu kuliko dhahabu, na mayai ndiyo yanayomletea vyote viwili. Mayai sita, kipande cha sabuni.

Balaa halikuishia hapo. Tope lilipita chini ya uzio hadi mlango wa jiko la mzee Drani, mwenye kiwanja. Mzee alikuja akiwa amefura.

"Aliniambia, mvua ya Agosti ingine ikileta tope kwangu, kuku yote itoke," anakumbuka Léontine. "Nililia. Kuku ikitoka, watoto itakula nini?"

Alichimba mfereji kuzunguka ua. Maji yakabaki palepale. Akauchimba zaidi, wapi! Ndipo siku moja, akifunga waya uliolegea, akaona kwamba sehemu ya nguzo iliyokuwa imefukiwa ardhini sasa iko wazi, kiasi cha shibiri nzima.

Hakuna mwizi aliyeiba udongo huo. Hapa Arua mwanamke hupimwa kwa ua uliofagiwa, na Léontine, mgeni aliyetaka kuheshimiwa, alifagia mpaka ndani kwa kuku, kila asubuhi, kwa miaka minne. Kila siku ufagio uliondoka na udongo kidogo. Ua ukawa bakuli, na mvua ikalijaza. Nakiri kwamba hata mimi ningemsifu kwa usafi huo.

"Ni mimi mwenyewe nilichimba ile shimo," anasema, akicheka hadi anashika kiuno. "Na mikono yangu!"

Akaacha kufagia. Alibeba kichwani makarai sitini za vipande vya matofali na mchanga, akainua sakafu ikainamia mferejini, na mfereji akauelekeza kwenye migomba yake. Juu akatandaza maganda ya karanga aliyookota kwa wabanguaji sokoni.

Majirani hawakuacha kumsema. Ayikoru, anayeishi ng'ambo ya uzio, hafichi aliyoyasema. "Nilisema huyu mama iko mugonjwa. Mutu muzima nalala na takataka kwa uwanja!"

Tukiwa bado tunazungumza, mzee Drani anaingia na mwavuli wake. Mzee anazunguka ua wote, anachuchumaa, anatia mkono chini ya maganda, anautoa na kuutazama.

"Maji iko wapi?"

"Iko kwa ndizi yangu, mzee."

Anakwenda hadi migombani, anatazama, anarudi taratibu. Nasubiri kana kwamba kuku ni wangu.

"Mama Zéphyrin," anasema, "wakae."

Léontine anapiga kigelegele ambacho nadhani kimesikika hadi Aroi, nje ya mji. Ayikoru anaitikia kutoka kwake. Hata mzee anatabasamu, ingawa anajificha nyuma ya mwavuli.

Leo kuku ni hamsini na mmoja, na tangu Machi, alipomaliza kazi hiyo, hajafa hata mmoja kwa tope. Jumamosi Léontine atapanda lori kwenda Dranya, upande wa Koboko, kumsaidia dada yake Martine kuinua ua wake.

Na kufikia Krismasi? Anahakikisha kwanza kuwa mzee Drani ameshafunga mlango wake.

"Kuku mia moja," ananong'ona. "Mzee nasema wakae. Hasemi ngapi."